Mgonjwa wa Kujitolea

Kwa muda mrefu nilikuwa mgonjwa mashuhuri kuliko wote katika ukoo wa mama yangu, na sikuwa naumwa. Wenzangu walijulikana kwa baiskeli, kwa redio, wengine kwa wake warembo. Mimi nilijulikana kwa ugonjwa, tena si ugonjwa wa ovyo ovyo wa kumeza klorokwini na kulala. Ulikuwa ugonjwa ambao madaktari walisafiri kutoka mbali kuja kuutazama, na nilijivunia kana kwamba nimeununua kwa jasho langu.

Ni ugonjwa wa ubongo. Kwa jinsi tulivyoelezwa, familia zilizo nao nchini ni chache sana, na mojawapo ni ya mama, watu wa vijiji vya nyikani kusini mwa Dodoma, kule nchi inakoteremka kuelekea Mtera. Kwetu haukuwa na jina. Watu walisema tu kwamba fulani ameanza, na kila mtu alielewa. Mtu huanza akiwa mtu mzima, pengine ameshazaa na kulea. Kwanza mguu unakosa utulivu, kisha mkono, kisha uso. Mwili unacheza wenyewe bila kumwomba ruhusa mwenyewe. Baadaye maneno yanaharibika, hasira zinakuja zisizo na sababu, akili inapungua, na baada ya miaka mingi mtu anafariki amekonda kwa sababu hata kumeza kumekuwa kazi. Babu mzaa mama alianza. Mjomba akaanza. Kisha mama akaanza.

Mimi wakati huo nilikuwa mjini Dodoma, nashona sare katika shirika moja la umma. Baba yetu alikuwa ameshafariki zamani, kwa hiyo aliyebaki kijijini na mama ni dada yangu, aliyenifuata kuzaliwa. Yeye ndiye aliyemlisha kwa kijiko, akamwogesha, akavumilia matusi ambayo mama akiwa mzima asingeyatamka. Mimi nilikwenda mwisho wa mwezi na sukari na sabuni, nikakaa kidogo, nikalia njiani wakati wa kurudi. Nilimpenda sana mama yangu, na niliogopa kumtazama. Alipofariki tukabaki wawili na swali moja ambalo hatukulitamka hata siku moja: kati yetu, nani ataanza?

Mazishini ndipo alipotokea mtani wetu. Sisi ni Wagogo, na Wahehe ni watani zetu. Kwenye msiba wana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mtu mwingine angepigwa kwa kuyafanya. Huyu alikuwa Mhehe wa makamo, mwuza samaki wa Mtera, ambaye kwa miaka mingi kila akipita na samaki wake kuelekea Dodoma alikula kwa mama. Alichukua khanga ya marehemu, akajifunga, akatembea mbele ya waombolezaji kama alivyotembea mama mwaka wake wa mwisho. Hakuzidisha wala hakupunguza. Watu walicheka hadi wakaanza kulia upya. Nilimwona dada akicheka huku ameziba uso kwa viganja, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikavuta pumzi vizuri.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa vitu vya rangi zote, na nguo za mitumba zikaingia kwa marobota. Shirika letu halikuweza kushindana na marobota. Likapunguza wafanyakazi na, kwa haki kabisa, likaanza na mimi. Nikaweka cherehani kwenye baraza ya duka karibu na soko, nikawa fundi wa kupunguza suruali za Wazungu wanene ziwatoshe makarani wembamba. Mshono wangu ulipinda. Ulipinda tangu najifunza kazi, ulipinda nilipokuwa nashona sare, na wapo watu wazima wenye vyeo leo waliomaliza darasa la saba mguu mmoja wa kaptula ukiwa mrefu kuliko mwenzake. Hao wakinikuta njiani huniamkia kwa adabu, nami huitikia upesi nikapita. Dada naye akaja mjini kukaa nami, akawa anakaanga karanga na kuuza palepale barazani, na nadiriki kusema kwamba watu wengi walifuata karanga.

Madaktari walikuja kijijini kwa mama kiangazi kimoja, na Landrova yao: mwanamke mmoja wa Kizungu na daktari wetu kutoka Dar es Salaam. Niliitwa niwe mkalimani, kwa kuwa wazee wengi wa kule Kiswahili wanakisikia lakini hawakiamini. Daktari wetu alieleza vizuri. Alisema ugonjwa huu si uchawi wala laana. Unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto tangu tumboni, na kila mtoto wa mgonjwa ana nusu ya nafasi ya kuupata. Nikatafsiri kwa Kigogo, neno kwa neno.

Kwetu nusu ni kitu kinachoeleweka. Binti akiolewa, ng'ombe wa mahari hugawanywa, hawa wa upande wa baba, hawa wa upande wa mama, na kila mtu anajua nani amechukua nini na bado nani. Kwa hiyo mzee mmoja akauliza kama nyumba yenye watoto wanne ugonjwa utachukua wawili. Daktari alikuwa amesema tangu asubuhi, juani, na vumbi lote lile. Akajibu kwamba kwa wastani, ndiyo. Ile ndiyo tukaichukua yote. Ule wastani hakuna aliyekuwa na kazi nao, nikiwemo mimi niliyeutafsiri.

Tangu siku hiyo ukoo mzima ukaanza kugawana ugonjwa kama mahari. Nyumba ya mjomba ilikuwa na watoto wanne na wawili walikuwa wameshaanza. Basi wale wawili waliobaki wakapewa hongera, na mmoja wao akachinja mbuzi. Nyumba ambayo hakuna aliyeanza ilitazamwa kwa jicho baya, kana kwamba imekwepa zamu. Yetu ilikuwa rahisi kuliko zote. Tulikuwa wawili: mmoja wa kuugua, mmoja wa kupona. Mimi ni fundi nguo, mtu wa vipimo, nikaona hesabu imekaa sawasawa.

Nikaamua ni mimi. Ningependa kusema niliamua kwa upendo mtupu, na upendo ulikuwepo. Dada alikuwa ameumaliza ujana wake akimfuta mama mdomo. Kama kuna haki popote, hakustahili kuongezewa. Lakini uamuzi ule ulikuwa na faida zake pia. Mshono uliopinda ukapata sababu ya kitaalamu. Wasichana walionikataa, na walikuwa wamenikataa nikiwa mzima kabisa, sasa nilikuwa mimi niliyewaepusha na balaa. Hata kutokwenda kulima shamba la baba mdogo kukaeleweka. Sijawahi kuwa na sababu nzuri kiasi kile ya kuwa mimi.

Nilijipima kila asubuhi. Daktari alikuwa ametuonyesha kijijini: toa ulimi nje uushikilie hapohapo, maana mgonjwa ulimi humrudi wenyewe, gusa pua kwa kidole, tembea unyayo mbele ya unyayo. Nilivifanya vyote mbele ya kioo kilekile ambacho wateja walijitazamia suruali. Karani mmoja aligeuka kujiangalia nyuma, akanikuta nimesimama begani mwake nimetoa ulimi, jicho limenitoka. Hakurudi kuchukua suruali yake. Na kila siku ulimi ulikaa nje imara, mpaka nikauonea hasira.

Karani mwingine alirudi, tena na tena. Alikuwa akifanya kazi ya serikali kule Chamwino, kijana mpole, na alileta suruali, kisha akaleta nyingine, kisha akaileta ile ya kwanza niirekebishe nilipoiharibu. Nilijiambia kwamba hatimaye nimepata mteja anayeijua kazi nzuri. Ilinichukua muda wa aibu kuelewa kwamba mtu hasafiri kutoka Chamwino kwa ajili ya mshono wangu. Siku aliyokuja na suruali mpya isiyo na tatizo lolote, akakaa saa nzima akinunua karanga kidogo kidogo, hapo hata mimi nikaelewa.

Dada alikuwa amempenda. Hakusema, lakini alianza kuimba akikaanga, na mara kwa mara mkono wake ulikwenda kwenye kilemba kukiweka sawa. Nikafurahi mpaka nikaona wivu. Kisha nikaogopa, kwa sababu nilijua kinachofuata. Upande wa mume hauleti posa kabla ya kuupeleleza ukoo: kuna wachawi, kuna kifafa, kuna ukoma? Wetu haukuwa na haja ya kupelelezwa, ulikuwa unajulikana hadi Mpwapwa. Na kweli, shangazi wa yule kijana, ambaye ndiye aliyemlea, alituma ujumbe kwa baba mdogo kwamba anakuja mwenyewe kunywa chai. Amesikia hesabu ya ukoo wetu, akasema, na anataka kuona kwa macho yake kati ya wale wawili ni yupi.

Hapo ndipo mambo yote yalipolalia. Akiniona mimi nimeanza, dada ni mzima kwa hesabu, na ndoa inapita. Akitukuta wote tumetulia, shaka itabaki juu ya vichwa vyote viwili, na hakuna shangazi duniani anayepeleka ng'ombe kwenye shaka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na afya ya kutia aibu.

Nikamwendea mtani, ambaye siku hizo alikuwa amehamia mjini, sokoni nyuma ya meza yake ya samaki. Nilimweleza kwamba nataka anifundishe kuugua. Aliendelea kuparua perege kwa muda bila kunitazama.

"Mgogo akikosa cha kuomba," akasema, "sasa anaomba ugonjwa."

Nikamjibu inavyopasa kumjibu Mhehe, ambaye kwa utani husemwa anakula mbwa, kwamba tangu ahamie mtaa ule mbwa wamepungua na tunataka maelezo. Baada ya hapo tukaweza kuzungumza. Aliuliza dada anasemaje. Nikamwambia dada hajui lolote na asiambiwe, kwa kuwa hili ni jambo la mimi kumkinga yeye. Akanitazama usoni kitambo kirefu, kisha akasema sawa, nije jioni soko likishapoa.

Nilidhani najua tayari. Nikasimama mbele yake nikatetemeka mwili mzima, meno yakagongana. Akaniambia hiyo ni malaria, niende nikapime damu. Nikajaribu tena taratibu zaidi, akasema sasa hiyo ni pombe. Ndipo akanionyesha. Alisema mama yangu hakutetemeka hata siku moja. Mkono ulimtoka, mara moja, kama mtu aliyekumbuka kitu. Na mama, kwa kuwa alikuwa na heshima zake, aliupa mkono kazi ya kufanya huko ulikokwenda, akapangusa shavu, akafukuza nzi asiyekuwepo, ili watu waone alikusudia. Mtani aliufanya mkono wake hivyo, na nikamwona mama yangu pale kati ya ndoo za samaki. Ilibidi nikae chini kwanza. Hakunitania kwa hilo, alininunulia soda.

Nilijifunza kwa bidii ambayo ningeiweka kwenye ushonaji ningekuwa tajiri. Nilifanya mazoezi nikiwa kazini, mkono ukaruka na mkasi, na mteja aliyetaka mikono mirefu akapata mifupi. Siku ya mwisho ya mafunzo mtani alisema nimefikia kiwango cha kuwadanganya watu wasioona vizuri.

Shangazi alikuja Jumamosi mchana, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza mkutano, akakaa kwenye kiti kizuri pekee tulichokuwa nacho. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yameshatua mikononi mwangu. Baba mdogo alianza salamu ndefu za mvua na mifugo. Dada alileta chai, na mimi, kama tulivyopanga na mtani, nikajitolea kumimina.

Nilikusudia kumwaga matone machache juu ya meza. Lakini nilipomwona ananiangalia, woga wa kweli ukaingia ndani ya ugonjwa wa kuigiza, na birika likaenda lilikotaka. Chai ikammwagikia shangazi mapajani. Akaruka, kwa mama wa mwili ule lilikuwa jambo la kuona. Mimi kwa kutaka kumsaidia nikakumbuka ghafla kwamba mguu nao unatakiwa kucheza, nikaupiga mguu wa kigoda, kigoda kikaenda na vikombe vyote. Baba mdogo alikuwa amefumba macho. Dada alikuja na kitambaa akapiga magoti kufuta sakafu, kichwa ameinamisha, mabega yanamtikisika kwa kicheko, na nilikuwa na hofu moja tu, kwamba kicheko chake kitaharibu ugonjwa wangu.

Shangazi alijikausha khanga, akakaa tena. Hakumtazama dada. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kisha sauti yake ikashuka.

"Pole, mwanangu," akasema. "Naona umeubeba wewe."

Nilikaribia kulia kwa fahari. Sijawahi kufaulu mtihani wowote maishani kama nilivyofaulu ule. Posa ikaja, ng'ombe wakaja, wakagawanywa inavyotakiwa, na mimi nikashona suti ya bwana harusi, jambo ambalo lilimlazimu kusimama ameegemea upande mmoja katika picha zote.

Siku ya kumuaga binti, mtani alikuwa na kazi yake. Alimwiga baba mdogo akihesabu ng'ombe. Alimwiga shangazi akiruka na chai mapajani, na shangazi mwenyewe akacheka mpaka akaomba maji. Aliniiga mimi nikishona, kisha akaniiga nikiugua, na niseme ukweli, aliugua vizuri kuliko mimi. Watu wakapiga kelele kwamba sasa bibi harusi, amwige bibi harusi. Mtani akajipangusa jasho, akasema koo limemkauka, wampe kinywaji, akaenda kukaa. Nilimwona anakaa na sikufikiri lolote. Nilikuwa na shughuli ya kurusha mkono kila wageni wa upande wa mume walipogeuka, na shughuli ile haina mapumziko.

Dada akahamia Chamwino. Mimi nikaendelea kuugua kwa miaka, kwa sababu ugonjwa wa namna ile haukubali kupona. Niliugua sokoni, niliugua kanisani, niliugua kwenye misiba ya watu. Kila nilipokwenda kumtembelea dada niliugua kwa nguvu zaidi, ili majirani zake wasisahau mgonjwa ni nani. Mtoto hawakupata, na watu walipoanza kuuliza niliwaambia kwa hekima kubwa kwamba Mungu ana mipango yake.

Kisha madaktari wakarudi, walewale. Safari hii walikaa mjini na kuwaita watu wa ukoo mmoja mmoja. Nilikwenda mapema na suti yangu nzuri, nikiwa na hamu ya mtu anayekwenda kupewa cheti. Daktari wetu alinipima kwa saa nzima. Ulimi, pua, unyayo mbele ya unyayo, vidole kugonga mezani. Mwishowe aliniuliza ule mkono unaruka tangu lini. Nikamweleza. Akaniomba nihesabu kurudi nyuma kwa saba saba kutoka mia, na nilipokuwa nakokotoa, jambo ambalo lilitaka akili yangu yote, mkono ukatulia tuli juu ya goti. Aligeuka akamwambia mwenzake kitu, na yule mama wa Kizungu akatazama dirishani, midomo imebana.

"Wewe huna dalili yoyote," akasema daktari. "Siwezi kukuahidi kesho, lakini leo huna."

Nilimkatalia. Nikamwambia hesabu ya nyumba yetu, wawili, mmoja na mmoja, na kwamba kama si mimi basi ni nani. Ndipo akaacha kutabasamu. Akavuta kiti karibu, akaeleza polepole kwamba ugonjwa haugawanyi nyumba. Kila mtoto anaukabili peke yake, kana kwamba hana ndugu. Nyumba yenye wawili inaweza kuchukuliwa wote, inaweza kuachiwa wote. Mimi kuugua hakumkingi mwenzangu, na mimi kupona hakumhukumu.

"Lakini ulisema ndiyo," nikamwambia.

"Nilisema kwa wastani."

Nilitoka pale sijui nimefurahi au nimeibiwa. Nilikuwa mzima, miguu yangu ilitembea vizuri kuliko ilivyowahi kutembea. Nilikuwa nimefika karibu na soko ndipo nilipokumbuka harusi, mtani akiomba kinywaji. Nilisimama katikati ya njia, na mwenye mkokoteni akanitukana kwa haki.

Mtani alikuwa mezani kwake. Nilimwuliza kwa nini siku ile aliwaiga watu wote asimwige dada. Hakuleta utani. Aliweka kisu chini, akanawa mikono, akaikausha.

"Yule simwigi," akasema. "Hata mama yako nilingoja afe kwanza."

Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi. Nilipanda pikapu ya mizigo inayopitia Ihumwa, nikakaa juu ya magunia, na njia nzima sikuugua. Nilimkuta dada uani, mkekani, akimenya karanga, mumewe ametoka. Nilikaa mbele yake nikamwangalia, kwa mara ya kwanza tangu mama afariki nikamwangalia yeye badala ya kujiangalia mimi. Mguu wake ulicheza chini ya khanga. Mkono ulimtoka, ukaenda kichwani, ukaweka kilemba sawa. Nilikuwa nimeuona mkono ule ukienda kwenye kilemba tangu enzi za barazani, na nilidhani ni mapenzi.

"Usiniangalie hivyo," akasema. "Hivyo ndivyo ulivyokuwa unamwangalia mama."

Nikaangalia karanga. Akasema bila kuinua sauti, akiendelea kumenya. Alikuwa amejua kabla ya posa; mtu aliyemwogesha mama miaka yote ile asingeweza kutojua. Alimwambia karani mapema, kabla hajatuma mtu, na karani akasema anatuma. Mtoto waliamua wasizae. Shangazi naye aliambiwa na kijana wake mwenyewe, na siku ya chai alikuja akijua vizuri ni yupi. Nilimwuliza basi alikuja kuona nini. Dada akacheka kidogo. Alisema shangazi alitaka kuona ndugu wa binti ni watu wa namna gani, kwa sababu siku zitafika binti atakapohitaji mtu wa kumlisha. Na aliporudi nyumbani na khanga yake yenye chai alimwambia kijana kwamba binti yule ana kaka mjinga asiye na aibu hata kidogo, kwa hiyo aoe.

Nilikasirika. Nilisema kwa nini aliniacha nijichekeshe mbele ya dunia kwa miaka yote hiyo, barazani, kanisani, misibani, kama mtu anayemwaga maji baharini. Nilisema mengi zaidi, nikajikuta nalia mbele ya sinia la karanga. Alingoja nimalize.

"Hukupoteza kitu," akasema. "Watu wote waliangalia mikono yako, kaka. Hakuna aliyeangalia yangu. Nimeishi miaka hii kama mwanamke yeyote."

Nilichukua konzi ya karanga nikaanza kumenya naye, na tulimenya mpaka mumewe akarudi.

Kesho yake Jumapili tulikwenda kanisani pamoja, yeye katikati, mimi upande mmoja, mumewe upande wa pili. Ilikuwa siku ya joto na kanisa lilijaa. Tulikuwa tumesimama kwa wimbo ndipo bega lake lilipoanza, na safari hii mkono ulipotoka ulipita kilemba, ukapita uso, ukaenda juu hewani ambako hakuna kazi ya kuupa. Mwanamke wa benchi la mbele akaanza kugeuka. Nikakiachia kitabu changu cha nyimbo kikaanguka, nikapiga benchi teke, nikaanza kutikisika mwili mzima, vibaya kabisa, malaria na pombe kwa pamoja. Kanisa zima likaniangalia mimi, na dada akaimba mpaka mwisho wa wimbo.